Betri ya Lamborghini si Betri ya Pap Onditi

Kabla hujaendelea, hebu tupia jicho ile alama ya betri kwenye simu yako. Imebaki asilimia ngapi? Kama unasoma ukiwa Milimani ama kwenye mkahawa katikati ya Kisumu, asilimia kumi si neno. Chaja iko kwa begi. Lakini kama uko Pap Onditi na stima ilipotea juzi, asilimia kumi ni hesabu kali. Unazima data, unapunguza mwanga wa skrini, unajiuliza kama yule jamaa wa kuchajisha simu sokoni bado hajafunga.

Betri ni kama chumvi. Hakuna anayeisifu, lakini ikikosekana kila mtu anaitaja. Simu bila betri ni kioo tu. Taa ya sola nyumbani inategemea betri. Wavuvi wa omena wanaovua usiku wanategemea betri. Pikipiki za umeme ni betri yenye magurudumu. Na karibu zote zimebuniwa mbali sana na hapa, na watu ambao hawajawahi kulisikia jina Nyakach.

Leo sitaki tuongee kuhusu kununua betri. Nataka tuongee kuhusu kuzibuni. Najua unawaza, "Huyu naye amekuwa mwanasayansi lini?" Sina digrii. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliposhinda mfuko. Lakini karo haikunifungia kusoma, na hili jambo nimelisoma vya kutosha kujua kwamba kuna nafasi inatupita kama matatu iliyo na viti wazi, na sisi tumesimama steji tukibonyeza simu.

Habari tuliyoiruka

Januari 2024, watafiti wa MIT kule Marekani, wakiongozwa na Mircea Dincă, walitangaza kwamba wametengeneza elektrodi ya betri isiyo na kobalti wala nikeli. Badala ya madini hayo walitumia molekuli ya kikaboni waliyoiita TAQ. Waliichaji na kuitumia zaidi ya mara 2,000 na ikabaki imara. Pesa za utafiti huo zilitoka kwa Lamborghini, ile kampuni ya magari ya kifahari ya Italia, ambayo pia ilichukua leseni ya hataza yake.

Soma tena jina la mfadhili. Lamborghini.

Sina ubaya nao. Mwenye pesa hulipia shida zake mwenyewe. Gari la mbio linataka betri nyepesi, inayojaa haraka na kutoa nguvu nyingi kwa mpigo. Basi watafiti waliketi wakasaka molekuli inayojibu shida hizo. Swali langu ni moja tu: nani ameketi kusaka molekuli inayojibu shida za Pap Onditi?

Kikaboni si sukuma wiki

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno. Ukisikia mboga za organiki unafikiria mboga ambazo hazijapigwa dawa. Kwenye kemia, kikaboni maana yake ni molekuli iliyojengwa kwa kaboni, ikishirikiana na vitu kama haidrojeni, oksijeni, naitrojeni na salfa. Sukari ni ya kikaboni. Mafuta taa pia. Dawa nyingi za kuua wadudu pia. Kwa hiyo mtu akikwambia betri ya kikaboni, usidhani ni kitu cha kutafuna, na usidhani haiwezi kudhuru.

Sasa betri inafanyaje kazi? Ina pande mbili, elektrodi hasi na elektrodi chanya, na katikati kuna elektroliti, ambayo mara nyingi ni majimaji. Ukiwasha taa, elektroni zinatoka upande hasi, zinapita kwenye waya, zinaiwasha taa, zinaingia upande chanya. Huku ndani, ioni zinavuka kwenye elektroliti kusawazisha hesabu. Ukichaji, safari yote inarudi nyuma. Kazi ya elektrodi ni kupokea na kuachilia, kupokea na kuachilia, maelfu ya mara bila kuchoka.

Kwenye betri nyingi za simu, upande chanya hutegemea kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa kwa jirani zetu Kongo, hasa kule Kolwezi na maeneo yanayoizunguka. Picha za watoto kwenye mashimo ya kule umeziona.

Upande wa kikaboni, familia inayoongoza inaitwa kwinoni. Chukua pete ya kaboni sita, bandika oksijeni mbili pande mbili za pete. Kila oksijeni ikipokea elektroni inapata chaji hasi, kisha inashika ioni ya lithiamu ama ya sodiamu. Ukichaji, inaiachilia. Si uchawi. Majani ya mmea hutumia kwinoni kusafirisha elektroni jua likiwaka, na seli za mwili wako zinafanya hivyo hivyo unaposoma mstari huu.

Tatizo la majani ya chai

Kwa hesabu ya karatasi, kwinoni ni moto. Ile ndogo kabisa, benzokwinoni, inaweza kubeba mAh 496 kwa kila gramu. Ndiyo hiyo mAh unayoiona imeandikwa kwenye betri ya simu. Lithiamu-chuma-fosfeti, ambayo iko kwenye betri nyingi za sola siku hizi, hesabu yake ni mAh 170 kwa gramu. Karibu mara tatu!

Kwa hiyo tumeshinda? Zii.

Ukiiweka benzokwinoni ndani ya betri, inayeyuka. Ni kama majani ya chai kwenye maji moto bila chujio. Rangi inatoka, inasambaa kila mahali, na elektrodi inabaki makapi. Shida ya pili, kwinoni nyingi hazipitishi umeme vizuri, hivyo inabidi uzichanganye na unga wa kaboni unaopitisha umeme lakini hauweki akiba ya maana. Shida ya tatu ni volti. Nyingi hutoa kati ya volti 2 na 3 zikipimwa dhidi ya lithiamu, wakati chuma-fosfeti inatoa karibu 3.4. Fikiria tangi kubwa la maji lililowekwa chini badala ya juu ya mnara. Maji yapo, presha hakuna.

Hapo ndipo kubuni kunapoanza. Unaweza kuunganisha kwinoni nyingi ziwe mnyororo, yaani polima, ili zisiyeyuke. Lakini viungo vya mnyororo vina uzito na haviweki akiba. Unaweza kubandika vipande vya kuvuta elektroni ili volti ipande. Lakini huenda molekuli ikawa ghali kutengeneza ama ikaharibika upesi. Unaweza kuigeuza iwe chumvi ili ishikamane. Ile TAQ ya MIT ilibuniwa ili molekuli zake zishikane zenyewe kwa zenyewe kwa viungo vya haidrojeni na kujipanga tabaka kwa tabaka. Hivyo haziyeyuki kirahisi, na umeme unapata njia.

Ukikaza skrubu moja, nyingine inalegea. Ndiyo maana hakuna molekuli iliyo bora kwa kila kitu. Kuna molekuli iliyo bora kwa kazi fulani, na anayechagua kazi ndiye anayeamua ni kasoro gani zinavumilika.

Majina unayoyajua

Kitu kilichonishika kwenye hii stori ni majina ya malighafi. Hayatoki sayari nyingine.

Chukua hina. Ile hina inayopakwa bibi harusi kule Lamu na Mombasa, na hata mitaani hapa Kisumu, rangi yake inatoka kwa molekuli iitwayo losoni. Losoni ni kwinoni. Mwaka 2019, watafiti wa City College of New York na wenzao walichapisha kazi ambapo waliunganisha losoni nne kuwa molekuli moja kubwa, wakaitumia kama elektrodi ya betri ya lithiamu. Kwa nini nne? Kwa sababu moja peke yake inayeyuka. Majani ya chai, unakumbuka?

Chukua mahindi. Mwaka 2008, watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba inositoli, kitu kinachopatikana kwenye mahindi, inaweza kugeuzwa kuwa chumvi ya lithiamu inayofanya kazi ya elektrodi.

Chukua lignini, ile gundi ya asili inayofanya mti na muwa kusimama wima. Mwaka 2012, Grzegorz Milczarek wa Poland na Olle Inganäs wa Uswidi walitumia lignini kutoka kwa majimaji machafu yanayobaki karatasi inapotengenezwa, wakaichanganya na polima inayopitisha umeme, wakapata elektrodi. Sisi tuna ukanda mzima wa miwa kutoka Miwani hadi Chemelil na Muhoroni, na makapi ya miwa yana lignini.

Hata chupa za plastiki za maji, zile zinazoelea pale ufuoni baada ya mvua, zimo. Ukizivunja kikemia unapata tereftaleti, na chumvi zake za lithiamu na sodiamu zimejaribiwa kama elektrodi hasi kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Na sodiamu tunayo tele. Ziwa Magadi limekuwa likitoa magadi kwa viwanda kwa zaidi ya karne moja.

Usinunue ndoto ya majani

Najua kinachofuata. Kuna mtu atasoma hapo juu na kuanza kupiga hesabu za ekari za hina. Atafungua kikundi cha WhatsApp, ataitisha kiingilio, atasema Wazungu wanakuja kununua majani.

Tafadhali usitume pesa. Sisi wa kando ya ziwa tumeshawahi kuahidiwa mengi na gugumaji. Tangu miaka ya 1990 limeitwa mbolea, chakula cha mifugo, gesi ya kupikia, karatasi, viti na vikapu. Kuna watu wamejipatia riziki ndogo ndogo kutoka kwake, heko kwao. Lakini gugu bado liko, na utajiri ulioahidiwa haujafika. Kuwa na malighafi si kuwa na kiwanda, na kuwa na kiwanda si kuwa na wazo.

Isitoshe, hizo molekuli nyingi zinaweza kutengenezwa maabarani bila kugusa jani hata moja. Jani la hina lilimwonyesha mkemia njia, lakini mkemia halazimiki kumnunulia mkulima gunia. Thamani iko kwa yule anayejua kwa nini ziwe losoni nne wala si moja. Kongo imekaa juu ya kobalti miaka yote hiyo na betri zinaundwa kwingine. Tukiuza majani tutakuwa tumerudia hadithi hiyo hiyo kwa rangi ya kijani.

Tuandike mahitaji yetu

Basi tugeuze swali. Badala ya kuuliza tuna nini cha kuuza, tuulize tunataka betri ya kufanya nini.

Pap kwa Dholuo ni uwanja, mahali tambarare pa wazi. Kutoka Kisumu unapita Ahero, unafika Katito, unashika barabara ya kuelekea Kendu Bay. Nyakach hiyo hiyo ndiko kuliko na mitambo ya Sondu Miriu ya megawati 60, na chini yake Sang'oro ya megawati 21. Maji ya mto yanazalisha umeme, umeme unaingia kwenye gridi ya taifa, na bado kuna boma la karibu linalowasha koroboi. Kinyozi hajinyoi.

Boma kama hilo linahitaji betri ya namna gani? Kwanza, uzito si shida. Betri ya nyumba inakaa chini, kando ya gunia la mahindi, haiendi popote. Lamborghini ingelia kwa kilo tano za ziada. Nyanya yako hatazijua.

Pili, haraka si shida. Jua la Nyakach liko siku nzima, na taa inatumika polepole usiku kucha. Elektrodi isiyopitisha umeme vizuri inaumia ukiiharakisha, lakini ukiipa saa nane ijaze na saa kumi itoe, inapumua. Huenda hata ukapunguza ule unga wa kaboni.

Tatu, maisha. Nyumba inachaji mara moja kwa siku. Mizunguko 2,000 ni zaidi ya miaka mitano ya taa.

Unaona kinachotokea? Zile kasoro mbili kubwa za betri ya kikaboni, kwamba ni kubwa kwa nguvu inayobeba na kwamba haipendi haraka, ndizo sisi tunaweza kuzivumilia kuliko mtu yeyote. Tajiri wa gari la mbio hawezi. Mwenye simu nyembamba hawezi. Mama wa Pap Onditi anaweza. Mvuvi wa omena aliyezoea kubeba karabai na mafuta yake, kisha akahamia taa za betri, naye anaweza.

Lakini kuna mambo sisi hatuwezi kuvumilia na mtu wa ng'ambo anaweza. Joto, kwa mfano. Majaribio mengi ya maabara hufanywa kwenye nyuzi kama 25. Ndani ya nyumba ya mabati kule tambarare ya Nyakach saa nane mchana, nyuzi 25 ni ndoto, na kama kwinoni inayeyuka kwa baridi, kwa joto itakimbia. Kwa hiyo betri yetu ijaribiwe kwenye nyuzi 40. Hatuwezi pia kuvumilia moto ndani ya nyumba ya nyasi. Na hatuwezi kuvumilia sumu betri inapokufa.

Owino Uhuru isije ziwani

Hiyo ya sumu sitaki uipite haraka. Kule Mombasa, kwenye kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwa betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mtoto wake ana risasi kwenye damu. Alianza kupiga kelele, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikaburutwa hadi Mahakama ya Juu, iliyoipa fidia hiyo muhuri mwishoni mwa 2024. Hesabu miaka. Betri inakufa kwa siku moja, lakini watu hutafuta haki kwa zaidi ya muongo.

Sasa jiulize: betri zote za taa za sola, za pikipiki na za boti zinazouzwa kando ya ziwa leo, zitaenda wapi baada ya miaka mitano? Kisumu tunakunywa maji ya ziwa hilo hilo.

Betri ya kikaboni inaweza kusaidia kwa sababu haihitaji risasi wala kobalti. Lakini tusijidanganye, ina mtego wake. Risasi huokotwa kwa sababu mwenye skrapu anainunua. Betri isiyo na madini ya kuuza hakuna chokoraa atakayeiinamia. Itatupwa mtaroni na mvua itaisukuma ziwani, na kama nilivyosema, kikaboni si sawa na salama. Kwinoni nyingine ni sumu kwa samaki na kwa watu. Kwa hiyo betri yetu ibuniwe pamoja na njia yake ya kurudi. Tunaijua njia hiyo tangu utotoni: chupa ya soda. Hukurudisha chupa, hupati pesa yako ya chupa. Kenya ina Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka tangu 2022, hivyo msingi upo. Betri nayo iwe na pesa ya chupa.

"Lakini lithiamu inashuka bei"

Huu ndio ubishi mzito zaidi, na siukwepi. Bei ya betri za lithiamu imeporomoka tangu 2010. Lithiamu-chuma-fosfeti haina kobalti kabisa, haiwaki moto kirahisi na inadumu. Mtu akiniuliza leo anunue betri gani ya nyumba, nitamwambia anunue hiyo. Na betri za kikaboni zimewahi kuingia sokoni zikashindwa. Miaka ya 1980, Wajapani waliuza betri ndogo za kifungo zilizotumia polima ya kikaboni, na hazikukaa sokoni.

Sasa kwa nini tujisumbue? Kwa sababu ligi ya lithiamu imeshachezwa na vikombe vimegawanywa. Viwanda viko China, hataza zina wenyewe, na sisi tumeketi jukwaa la mashabiki. Hii ya kikaboni bado iko kwenye mazoezi. Hakuna bingwa. Vitabu vya sheria za mchezo bado vinaandikwa, na kalamu yake ni kemia ya kawaida ambayo mwanafunzi wa Maseno ama wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo anaifundishwa darasani. Ukingoja ishindwe ama ifaulu ndipo uingie, utaingia kama mteja.

Tuanzie wapi

Si kwa kiwanda. Yeyote anayekuahidi kiwanda cha betri Nyakach kabla ya uchaguzi, mpigie makofi uende nyumbani.

Tuanzie kwa maji. Maabara za betri za lithiamu ni ghali kwa sababu kazi hufanyika ndani ya kasha maalum lisilo na hewa wala unyevu. Lakini kwinoni hufanya kazi hata kwenye elektroliti ya maji. Mwaka 2014, kikundi cha Michael Aziz cha Harvard kilionyesha betri inayotumia kwinoni iliyoyeyushwa kwenye maji yenye tindikali, yaani waligeuza tatizo la majani ya chai kuwa faida. Mwaka 2017, kikundi cha Yan Yao cha Houston kilionyesha elektrodi ngumu za kwinoni zikifanya kazi kwenye maji ya tindikali, ya chumvi na ya alkali. Betri ya maji inabeba nguvu kidogo zaidi, lakini tumeshakubaliana uzito si shida yetu. Elektroliti ya maji haiwaki moto, na kuijaribu hakuhitaji lile kasha ghali. Kunahitaji mizani nzuri, kemikali, kifaa cha kupima chaji, mtu mwenye subira na mwalimu asiyeficha funguo za maabara.

Tuanzie pia kwa kompyuta. Wale wa Harvard walipepeta zaidi ya kwinoni 10,000 kwa hesabu za kompyuta kabla ya kuchagua. Leo programu kama Psi4 na RDKit ziko wazi, bure, kwenye intaneti. Wewe unayekesha ukicheza gemu kwenye laptopu una mashine inayoweza kukadiria volti ya molekuli ndogo. Si mbadala wa maabara, lakini inakupa orodha fupi ya kubeba kwenda kwa mwalimu. Hakuna anayeuliza cheti kabla ya kuipakua. Nimeangalia.

Tuanzie kwa fundi. Kondele na Kibuye kuna watu wanaofungua betri zilizokufa kila siku na wanajua zilikufa kwa nini. Ujuzi huo hakuna anayeuandika. Mwanafunzi wa kemia wa Maseno, mwanafunzi wa umeme wa Kisumu National Polytechnic na fundi wa Kondele wakiketi meza moja, hiyo ni timu. Kinachokosekana ni anayelipia meza.

Na hapo nakuja kwako. Kaunti inatoa basari kila mwaka. Waulize ni ngapi zimeenda kwa mtu anayesomea kemia ya vifaa. Mwekezaji akija na mradi wa sola kwenye ufuo wenu, muulize maswali matatu mbele ya baraza: hizi betri zilijaribiwa kwenye joto gani, zikifa zinarudi wapi, na ni kijana gani wa hapa anafundishwa kilicho ndani yake? Akijibu vizuri, mkaribishe chai. Akizungukazunguka, umeshajua.

Molekuli ya kwanza iliyobuniwa kwa ajili ya boma la Nyakach bado haijachorwa. Haihitaji kuwa nyepesi wala kupendeza gari la mtu. Inahitaji kuvumilia nyuzi 40, kuwasha taa hadi alfajiri, na kufa bila kumdhuru mtu. Karatasi iko mezani, na kalamu haijakatazwa kuandika kwa mkono wa Mnyakach.